Je, Kuishi Sana ni Sifa?

Siku moja darasani tulikuwa tukiwasomea wanafunzi habari za vita vikuu vya mwaka 1914 hata 1918, tukafika kwenye habari za maziko ya mzee mmoja wa Kiingereza, jina lake Harry Patch, aliyekufa tarehe 25 Julai 2009, umri wake miaka 111. Tuliwaeleza jinsi maelfu ya watu walivyosimama kando ya njia katika mji mdogo wa Wells, na jinsi kengele ya Kanisa Kuu ilivyopigwa mara 111, pigo moja kwa kila mwaka wa maisha yake. Ndipo kijana mmoja aliponyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mzee huyu alifanya jambo gani? Hakuwa jemadari, wala hakuteka mji. Nisikiavyo mimi, sifa yake ni kwamba wenzake wote walikufa, naye akabaki. Je, kubaki ni sifa?"

Wenzake walicheka, lakini sisi hatukucheka. Swali lile lilikuwa na haki yake, na jibu hatukuwa nalo tayari. Tulimwambia atupe siku kadha wa kadha za kufikiri. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyofikiri, nasi twayaleta mbele ya wasomaji wetu ili nao wayapime.

Kwanza yafaa tumjue mtu mwenyewe. Harry Patch alizaliwa tarehe 17 Juni 1898 katika kijiji cha Combe Down, karibu na mji wa Bath. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe. Alipotoka shuleni mwaka 1913 alitiwa kwa fundi ili ajifunze kazi ya mabomba ya maji. Hakuwa na tamaa ya vita, lakini mwaka 1916 sheria ilimchukua kama ilivyowachukua vijana wengine wengi, akaandikwa askari katika kikosi cha Duke of Cornwall's Light Infantry. Alivuka bahari kwenda Ufaransa mwezi Juni 1917, mwezi ule ule aliotimiza miaka 19.

Kutoka huko alipelekwa Ubelgiji, katika mapigano yajulikanayo kwa jina la Passchendaele, yaliyoanza tarehe 31 Julai mwaka ule. Mvua ilinyesha, makombora yakaichimbua nchi, na mashamba yakawa tope la kumeza watu na nyumbu. Patch alikuwa mmoja wa watu watano waliohudumu bunduki moja ya Lewis, aina ya bunduki ipigayo mfululizo, ambayo askari wa kale wa huku kwetu waliita bombom. Watu hao watano walikula pamoja na kulala pamoja, tena walifanya mapatano ya ajabu, kwamba wasimwue adui ikiwa wanaweza kuepuka; wakilazimika kupiga, walenge miguu. Siku moja adui alimjia Patch mbio na singe mkononi. Patch alimpiga bega, na alipozidi kuja alimpiga mguu, lakini roho yake hakuitwaa.

Siku nyingine alimkuta askari wa upande wake amepasuliwa na chuma vibaya sana, naye akaomba apigwe risasi apumzike. Kabla Patch hajaichomoa bastola yake yule mtu alikata roho, na neno lake la mwisho lilikuwa kumwita mama yake. Patch alisema baadaye kwamba hakulitamka kwa hofu, ila kama mtu aliyemwona mama yake amekuja kumpokea. Sauti ile ilikaa naye maisha yake yote.

Kisha ikaja tarehe 22 Septemba 1917. Usiku ule walikuwa wakirudi nyuma kutoka mstari wa mbele, kombora likapasuka juu yao. Patch alipigwa na kipande cha chuma chini ya tumbo. Baadaye akapata habari kwamba rafiki zake watatu, wale waliokuwa wakichukua risasi za bunduki yao, wamevunjwa vipande vipande. Kipande kile cha chuma kilitolewa mwilini mwake pasipo dawa ya kuondoa maumivu, kwa kuwa dawa ilikuwa imekwisha. Alirudishwa kwao Uingereza, wala hakupigana tena. Hayo ndiyo yote aliyoyafanya vitani: alikaa karibu miezi minne, akaumia, akarudi.

Basi tukimpima mtu huyu kwa mizani ya vita, kijana wetu amesema kweli, hatuoni jambo kubwa. Na tukisema kwamba sifa yake ni wingi wa miaka, twajua kwamba miaka haipatikani kwa wema. Kombora lile lilipasuka juu ya watu watano, likawachukua watatu. Waliokufa hawakuwa wabaya kuliko waliopona. Wahenga walisema kweli waliposema kwamba vita havina macho. Mwenye kuishi miaka 111 hakuishinda mauti kwa ushujaa, aliachwa tu. Kumsifu mtu kwa sababu ameachwa ni sawa na kumsifu mkulima kwa mvua iliyonyesha shambani mwake usiku, naye amelala.

Lakini mvua ikiisha kunyesha, mkulima ana kazi yake. Hapo ndipo penye jibu. Kuachwa hai hakumpi mtu sifa, kunampa amana. Mwenye amana twamwuliza neno moja tu, aliitunzaje?

Tuangalie jinsi mzee huyu alivyotunza yake. Aliporudi alimwoa mkewe mwaka 1918, akaishika tena kazi yake ya mabomba. Mnara mkubwa wa Chuo Kikuu cha Bristol, ulioitwa Wills Memorial Building, uliofunguliwa mwaka 1925, ni mmoja wa majengo aliyofanyia kazi. Na mwaka 2005 chuo kile kile kilimpa shahada ya heshima. Vita vya pili vilipokuja alikuwa mtu mzima asiyeweza kwenda kupigana, akawa mzima moto katika mji wa Bath, na ndege za Kijerumani zilipoupiga mji ule mwezi Aprili 1942 alikuwamo kazini. Alifanya kazi hata mwaka 1963, ndipo alipostaafu. Kwa miaka hiyo yote alikuwa fundi na baba wa watoto wawili, wala hapana aliyemwita shujaa.

Na kwa miaka hiyo yote hakusema neno juu ya vita. Mkewe aliyekaa naye hata kifo kilipowatenga mwaka 1976 hakusimuliwa. Rafiki zake watatu walikuwa ndani yake kama jiwe kisimani. Hata alipokuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, taa ilipowashwa ghafula usiku katika chumba kidogo cha nguo kilichoelekeana na mlango wake, mwanga ule ulimrudisha mara moja kwenye makombora. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, naye alikuwa hai mwenye kuijua.

Hata mwaka 1998, alipokuwa ametimiza miaka 100, watengenezaji wa filamu wa shirika la utangazaji la Uingereza walimwendea, wakamwomba awaeleze. Alisita, kisha akanena. Hapo twawaomba wasomaji watulie kidogo na kufikiri jambo hili. Ikiwa mzee huyu angalikufa na miaka 99, watu wangalisema amekula chumvi nyingi na kuondoka kwa amani, na ingalikuwa kweli. Lakini wale vijana watatu wangalikufa mara ya pili siku ile ile, maana hapakuwa na mwingine aliyewabeba.

Tangu siku ile alinena kwa muda wa miaka 11 iliyobaki, na katika kunena kwake hakuchukua kitu kiwe chake. Serikali ya Ufaransa ilipompa nishani ya Légion d'honneur, aliiweka wakfu kwa ukumbusho wa rafiki zake watatu. Watu walipoikumbuka tarehe 11 Novemba, siku vita vilipokoma, yeye alisema siku yake ya kukumbuka ni tarehe 22 Septemba. Kitabu cha maisha yake kilipotolewa mwaka 2007, fedha zake alizitoa zinunue mashua ya kuokolea watu baharini. Mwaka 2008, naye ana miaka 110, alirudi Ubelgiji akafunua jiwe la ukumbusho karibu na kijito alichokivuka na kikosi chake mwaka 1917. Tena hakuwaambia vijana kwamba vita ni tamu. Alisema wazi kwamba vita vile havikustahili uhai wa mtu hata mmoja, na kwamba wakubwa waliovitaka wangalipewa bunduki wapigane wao kwa wao.

Lipo na jambo jingine ambalo maisha marefu yaliliwezesha. Mwezi Novemba 2004, Patch ana miaka 106, alikutanishwa huko Ubelgiji na mzee Charles Kuentz, mwenye miaka 107, aliyekuwa mpiga mizinga wa Kijerumani katika mapigano yale yale. Yamkini kombora moja la mmoja wao lilipita juu ya kichwa cha mwingine. Wazee wale walikaa, wakazungumza, wakapeana zawadi: Kuentz alileta biskuti za kwao, Patch akaleta chupa ya kinywaji cha matofaa cha kwao. Mwaka uliofuata Kuentz alikufa. Mwaka 1917 watu wale wawili wasingaliweza kuonana ila kwa kuuana. Ilihitaji miaka 87 ili waketi meza moja, na wenzao walionyimwa miaka hiyo walizikwa wakiwa maadui bado.

Ndiyo sababu maziko yake yalikuwa namna yalivyokuwa. Tarehe 6 Agosti 2009 jeneza lake lilipoingia katika Kanisa Kuu la Wells, askari wa kawaida wa Ubelgiji, wa Ufaransa na wa Ujerumani, wawili wawili, walilisindikiza pamoja na askari wa Uingereza. Mzee alikuwa ameagiza kwamba silaha zisiwepo, hata zile za heshima. Basi askari walisimama mikono mitupu. Akazikwa Monkton Combe, karibu na jamaa zake, katika nchi aliyozaliwa.

Haya yote tulimweleza kijana wetu, naye akatikisa kichwa, akasema, "Sasa nimeelewa." Lakini sisi wenyewe tulikuwa hatujatosheka, kwa maana katika heshima ile kuna jambo lituchomalo kidogo, nasi hatupendi kulificha.

Kumheshimu wa mwisho ni rahisi. Askari wanaporudi ni wengi, nao wanataka kazi na nyumba na dawa. Wengine wanalia usiku, wengine wanakunywa pombe, wengine wanadai mishahara yao. Watu huchoka nao upesi. Miaka ikipita wanapungua, na kadiri wanavyopungua ndivyo wanavyozidi kupendwa, hata akibaki mmoja anapendwa na taifa zima. Upendo huo si wa uongo, lakini umekuja umechelewa, tena hauna gharama kubwa. Mtu mmoja mwenye miaka 111 hawezi kudai mengi. Akiwa na haki ya kukumbukwa yeye, basi haki hiyo hiyo walikuwa nayo waliokufa mwaka 1925 na mwaka 1950, ambao kengele haikuhesabu miaka yao. Mzee Patch alilijua hilo, na ndiyo maana kila heshima aliyopewa aliisukuma nyuma kwa wengine.

Nasi, wasomaji wetu, tusiwanyoshee Waingereza kidole, maana vita vile vile vilifika kwetu. Jemadari wa Wajerumani wa huku, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza. Katika miaka ile askari walikuwa wachache kuliko wachukuzi. Wanahistoria wahesabu kwamba Waingereza peke yao waliwatumia wachukuzi wapatao milioni moja, na waliokufa miongoni mwao hawapungui sana laki moja, nao waliuawa zaidi na kuhara damu, homa na njaa kuliko risasi. Wajerumani nao walikuwa na wachukuzi wao. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa jeshi lile la wachukuzi lililopiga kambi pale. Na Kariokor ya Nairobi vivyo hivyo. Twapita hapo kila siku kununua nyanya na vitambaa. Ni nani kati yetu ajuaye mchukuzi wa mwisho alikufa lini, na wapi? Hapana kengele iliyopigwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kijijini petu, tulipokuwa watoto, palikuwa na mzee mmoja mwenye bega lililoinama upande. Tulimwita Babu, nasi tulimpenda, maana alitutengenezea manati na kutuitikia salamu zetu kwa furaha hata tukimwamkia mara tano kwa siku. Lakini alikuwa na desturi moja tuliyoicheka. Wanawake walipotwanga mahindi, yeye alikuja baadaye akainama na kuokota punje zilizoruka nje ya kinu, moja moja, akazitia mfukoni. Sisi tulimwita mchoyo, kwa siri. Mara moja tu tulimsikia akisema, bila kuulizwa, "Nilichukua mzigo hata Ruvuma. Tulikwenda wengi." Kisha akanyamaza, nasi tukakimbia kwenda kucheza.

Alipokufa watu walijaa, wakasema alikuwa mtu mwema, mpenda watoto, mwenye miaka mingi. Yote yalikuwa kweli. Miaka mingi ikapita, tukawa waalimu, na siku moja tulipokuwa tukitayarisha somo tukasoma jinsi wachukuzi walivyopunguziwa posho hata wakala mizizi ya porini, na jinsi walivyoanguka njiani chini ya mizigo ya chakula cha watu wengine. Tulikifunga kitabu. Tuliziona tena zile punje mkononi mwake. Alikuwa na rafiki zake kama Patch alivyokuwa na wake watatu, nao walikuwa na majina. Tungaliweza kuyapata kwa kuuliza neno moja, "Ulikwenda na nani, Babu?" Hatukuuliza. Hatukumnyima upendo, hilo twaweza kusema bila haya, tulimnyima masikio. Sasa majina yale hayapo popote duniani.

Hapo ndipo tulipoona kwamba swali la kijana wetu limetugeukia. Aliuliza kama kubaki ni sifa ya yule aliyebaki. Sisi twaona ya kwamba amana ina watu wawili, aiwekaye na aipokeaye. Mzee anaweza kuitunza miaka 80, lakini asipopata wa kumkabidhi, atazikwa nayo, na kosa halitakuwa lake.

Hatusemi kwamba wazee walazimishwe. Yako mambo ambayo mtu ana haki ya kunyamaza nayo, na mwenye kuyachokonoa kwa udadisi tu anamtesa. Mwenye kuuliza yampasa akae kwanza, aamkie, asaidie kazi iliyopo mkononi, aje na kesho. Asianze kwa kuuliza, "Uliua wangapi?" kama waulizavyo watoto. Aulize majina ya wenziwe: walikuwa watu wa wapi, waliimba nini njiani, nani alikuwa mcheshi. Mzee akisema, amsikilize bila kumkata. Akinyamaza, anyamaze naye. Na akirudi nyumbani aandike, maana tumeona jinsi kichwa cha mtu kisivyo ghala ya kutegemewa.

Kijana wetu alirudi juma lililofuata. Akasema, "Mwalimu, wachukuzi wamekwisha. Nimwulize nani?" Tulimjibu kwamba waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 wangali pamoja nasi, wengine wana mvi, wengine wana fimbo, lakini wengi wao wangali wanakumbuka vizuri. Bado si wachache kiasi cha kupigiwa kengele. Wanakaa barazani, wanauza duka, wanalinda malango ya watu usiku. Tulimwuliza kama anamjua mmoja.

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Babu yangu mzaa mama." Tulimwuliza babu yake alikwenda vitani na nani. Kijana akainamisha macho, akasema hajui. Tukampa daftari, naye siku ya Jumamosi akaenda.